Kopo la mama juu ya kabati

Watoto wetu wengi huzaliwa wakiwa weupe kuliko watakavyokuwa. Bibi anayejua humtazama kichanga masikioni na kwenye mizizi ya kucha, ndipo rangi yake ya kweli inapoanza kujionyesha. Miezi inapita, weusi unakuja, na hapa Lubumbashi utawasikia watu wakilalamika mbele ya mtoto mwenyewe: “Huyu mutoto alikuwaka muzuri, jua ilimuharibu.”

Anakua na maneno hayo. Katuba, Kenya, Kamalondo, kote msichana mweupe anasifiwa kwa neno moja la Kifaransa, brune. Tarehe 6 Desemba, siku ya Mtakatifu Nicolas, anayebahatika kuletewa mwanasesere huletewa mwenye nywele za dhahabu. Rangi ya kucha na meshi za sikukuu sina ugomvi navyo, vyote hutoka. Kinachoniuma ni kopo la mafuta ya kung’arisha ngozi juu ya kabati, ambalo binti wa miaka tisa analifikia akipanda kiti.

Ndani yake mara nyingi mna hidrokinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka ya weusi wa samawati ambayo hayaondoki. Au mna klobetasoli, dawa kali ambayo daktari huiandika kwa siku chache tu. Mwili wa mtoto ni mdogo lakini ngozi yake ni pana ukilinganisha na uzito wake, hivyo dawa huingia kwa wingi: ngozi inakonda, na hata kimo kinaweza kudumaa. Mchanganyiko unaopimwa sokoni kwenye kopo lisilo na maandishi ni hatari zaidi, kwa sababu hata muuguzi hatajua aanzie wapi.

Halafu kuna zebaki. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zaidi ya miligramu 1 ya zebaki kwa kilo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukifuta hata kiasi hicho. Mji huu tayari umebeba metali za kutosha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na KU Leuven, uliotoka 2020, ulionyesha kwamba watoto ambao baba zao hufanya kazi migodini wamo katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro.

Na zebaki haingoji mtoto apande kiti. Hubaki kwenye mikono ya mama, kwenye taulo, kwenye shuka, na kwenye kitenge anachombebea mgongoni.