Mlima Husikilizwa Kabla ya Kupandwa

Karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, mjini Nairobi, ipo nyumba ya chama cha wapanda milima kiitwacho Mountain Club of Kenya. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1949, na kwa miaka mingi wanachama pamoja na wageni wao wamekuwa na desturi ya kukutana hapo Jumanne jioni, kazi za mchana zikiisha. Katika mikutano ya namna hiyo taa huzimwa, picha huonyeshwa ukutani, na mtu aliyerudi kutoka mlimani husimama mbele ya wenzake akawaeleza aliyoyaona na yaliyompata.

Mgeni aweza kudhani kwamba mazungumzo hayo ni nafasi ya watu kujisifu. Kwa hakika yana faida kubwa kuliko hiyo. Hadithi ya mtu aliyefika kileleni hupendeza masikio, lakini hadithi ya mtu aliyekosea njia, au aliyegeuka nyuma kwa sababu ya mawingu na baridi, huweza kuokoa maisha ya msikilizaji. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na mlimani asiyeuliza hujifunza kwa gharama kubwa.

Mlima wa Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga, una vilele vingi, na vitatu kati yake vyajulikana kuliko vyote. Batian una urefu wa meta 5,199, Nelion meta 5,188, na Lenana meta 4,985. Majina hayo yametokana na watu mashuhuri wa Kimasai: Mbatian, aliyekuwa laibon mkuu, pamoja na jamaa zake. Kilele cha Lenana hufikiwa kwa miguu na mtu yeyote mwenye afya njema na subira. Batian na Nelion ni mambo mengine kabisa. Hivyo ni mawe yaliyosimama kama ukuta, na hapana apandaye ila kwa kamba na ustadi. Halford Mackinder pamoja na wenzake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika juu ya Batian mwezi Septemba, 1899. Ikapita karibu miaka 30 kabla ya watu wengine kufika, nao walikuwa Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, mwezi Januari, 1929.

Miongoni mwa visa vya mlima huu, hapana kinachowachekesha na kuwastaajabisha watu kama kile cha Mwitalia Felice Benuzzi. Wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa mateka katika kambi ya Nanyuki, na kila kulipokucha aliuona mlima mbele yake. Mwezi Januari, 1943, yeye na wenzake wawili walitoroka kambini. Hawakukusudia kukimbilia nchi nyingine. Nia yao ilikuwa kupanda mlima, kisha kurudi. Vyuma vya kukanyagia barafu walijitengenezea wenyewe kwa vipande vya takataka, na picha ya mlima waliipata katika karatasi ya kopo la nyama. Mmoja wao aliugua akabaki hemani. Wawili walijaribu Batian wakashindwa, kisha wakapanda Lenana wakasimika bendera yao. Baada ya siku 18 walirudi kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa kufungwa siku 28 peke yao, lakini baada ya siku 7 mkuu wa kambi aliwasamehe, kwa kuwa aliustahi ujasiri wao.

Lakini si visa vyote vinavyochekesha. Mwezi Septemba, 1970, madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika juu ya Batian. Walipoanza kushuka, jiwe lilibanduka, Judmaier akaanguka na mguu wake ukavunjika vibaya. Oelz aliteremka peke yake kutafuta msaada, kisha akapanda tena kumwuguza mwenzake. Wanachama wa chama cha Nairobi na watu wengine walipanda kwa zamu, huku usiku ukiwa na baridi kali na mawe yakiwa na barafu. Ndege ya helikopta iliyokuwa ikisaidia ilianguka, na rubani wake, Mmarekani Jim Hastings, akafa. Mwishowe waokoaji waliletwa kwa ndege kutoka Innsbruck, nao wakamteremsha mgonjwa kwa kamba. Alikuwa amekaa mlimani zaidi ya wiki moja, naye akapona.

Katika kisa hicho yapo mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mtu akiumia kileleni, msaada hauji kwa saa moja wala mbili. La pili ni kwamba kosa au bahati mbaya ya mtu mmoja huwaingiza wengi hatarini. Yule rubani hakwenda mlimani kutafuta sifa. Alikwenda kwa ajili ya mtu mwingine, naye hakurudi. Kwa hiyo apandaye hujitunza kwa faida ya nafsi yake, na vilevile kwa heshima ya wale watakaoitwa kumtafuta.

Kwa watu wengi waendao Lenana, adui mkubwa si jiwe wala kamba, bali ni hewa. Karibu na kilele hicho nguvu ya hewa hupungua kiasi cha kukaribia nusu ya ile ya pwani. Mtu mwenye haraka huanza kuumwa kichwa, hupoteza hamu ya chakula, huona kichefuchefu na kukosa usingizi. Ugonjwa ukizidi, maji huingia katika mapafu au ubongo huvimba, na hapo mtu huweza kufa hata akiwa kijana mwenye nguvu. Nguvu za mwili hazimkingi mtu na ugonjwa huo. Pengine humdhuru, kwa sababu mwenye nguvu huwahi kupanda kabla mwili wake haujazoea.

Dawa yake ya kwanza ni utaratibu. Baada ya kupita meta 3,000, yafaa mahali pa kulala pa kila usiku pasizidi pa usiku uliotangulia kwa zaidi ya meta 500. Mwenye kuumwa kichwa awaambie wenzake mara moja, wala asione haya. Asipande zaidi mpaka apate nafuu. Akianza kuyumba kama mlevi, au kuhema hali amekaa kitako, ateremshwe saa ile ile, hata ikiwa ni usiku, wala asiachwe peke yake.

Maneno haya ni rahisi kuyasema katika chumba chenye joto. Juu mlimani, kilele kikiwa karibu na fedha za safari zimekwisha kulipwa, ni vigumu sana mtu kukiri kwamba hawezi. Ndiyo sababu ya kufaa kuyasikia mapema, tena kutoka kinywani mwa mtu aliyewahi kugeuka nyuma na ambaye leo amesimama mzima mbele ya wenzake akieleza habari zake.

Usiku wa Uhuru, mwezi Desemba, 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera mpya ya Kenya juu ya Lenana, na taifa zima likafurahi. Sifa hiyo ilimstahili. Lakini hata yeye, baada ya kuipandisha, ilimbidi ashuke katika baridi ile ile aliyoipandia. Mpanda ngazi hushuka, na safari ya mlima haihesabiwi kuwa imetimia mpaka mpandaji amefika nyumbani kwake salama.