Je, wajua? Kozi wa Amur hula kumbikumbi wa mabara mawili

Mvua za kwanza zikishalowesha udongo wa wilaya ya Dowa nchini Malawi, Novemba ikielekea ukingoni, kumbikumbi hutoka ardhini. Usiku watu huweka beseni la maji chini ya taa. Kumbikumbi hufuata mwanga, hudondoka majini, mbawa zikapukutika. Hukaangwa kwa chumvi tu, maana mafuta wanayo wenyewe.

Wapo wanaowawahi kabla ya beseni. Mchana wa msimu huo, ukiinua macho katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani humo, au jijini Lilongwe, huenda ukaona ndege wembamba wenye mbawa zilizochongoka wakizunguka kwa makumi, pengine kwa mamia. Mtazame mmoja tu. Anamdaka kumbikumbi kwa mguu, anaupeleka mguu mdomoni, anakula hukohuko hewani bila kutua. Huyo ni kozi wa Amur. Dume ni wa kijivu, mapaja yake yana rangi ya kutu, miguu ya machungwa, na akigeuka, weupe wa chini ya mbawa unang'aa. Jike ana kifua cheupe chenye madoa meusi. Uzito wao ni kati ya gramu 100 na 190 hivi.

Sasa fikiria alikotoka. Kozi huyu huanguliwa kusini-mashariki mwa Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China, mara nyingi katika kiota kilichoachwa na kunguru au jamaa zake. Baridi ya kule ikikaribia, maelfu kwa maelfu hushuka hadi kaskazini-mashariki mwa India, na huko nako wanawakuta kumbikumbi. Hula majuma machache, hunenepa, kisha hulikata bara la India na kuvuka Bahari ya Hindi bila kupumzika, wakisukumwa na upepo wa kaskazi, uleule uliokuwa ukileta majahazi pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi Novemba 2013 kozi watatu walifungwa vifaa vya gramu 5 vinavyofuatiliwa kwa setilaiti. Mmoja wao, aliyepewa jina la Pangti, alifika Afrika baada ya siku tano na ushei, zaidi ya kilomita 5,000. Inadhaniwa njiani hula kereng'ende, ambao nao huvuka bahari hiyo majira yaleyale.

Pangti ni jina la kijiji cha jimbo la Nagaland, hukohuko kaskazini-mashariki mwa India, na habari yake inastahili kusimuliwa taratibu. Mwaka 2012 wanaharakati wa mazingira walikuta kando ya bwawa la Doyang nyavu zimetandazwa mitini. Walikadiria kuwa kozi kati ya 120,000 na 140,000 walinaswa msimu ule mmoja, wakauzwa kuwa kitoweo. Wanavijiji hawakuwa watu wabaya. Bwawa lilikuwa limemeza mashamba yao, na nyama ilikuwa fedha. Wahifadhi, viongozi wa serikali, makanisa na mabaraza ya vijiji walikaa pamoja, na mwaka 2013 nyavu hazikutandazwa. Kwangu hakuna ushindi wa uhifadhi unaozidi huu kwa kasi. Siku hizi kozi hupokelewa kwa shangwe: jimbo jirani la Manipur, wilayani Tamenglong, hufanya tamasha la ngoma kwa heshima yake kila mwaka.

Dzaleka nayo ina tamasha. Kambi hii, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ilipangiwa watu 10,000 hivi na leo ina zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Tangu mwaka 2014 Tumaini Festival, iliyoasisiwa na mshairi wa Kikongo Menes La Plume, huwaleta hapo wasanii wa kambini na wa nje, na Wamalawi kutoka Lilongwe hulala katika nyumba za wenyeji wao wakimbizi. Mara nyingi huwa Novemba. Likiangukia mwanzoni mwa mwezi, ngoma zinapolia Dzaleka kozi bado wako Nagaland wakinenepa. Baada ya majuma machache nao wamefika.

Wengi hupenda kumfananisha ndege huyu na mkimbizi. Mimi naona tofauti yao ndiyo nzito. Kozi hurudi kila mwaka alikozaliwa, wala haombi kibali. Aliyezaliwa Uvira, Kongo, na kukulia Dzaleka hana uhakika huo. Lakini kumpokea mgeni aliyetoka mbali ni jambo ambalo Dzaleka inalijua kuliko mahali pengi, na ningependa Tumaini impe kozi huyu nafasi: picha zake ukutani, darubini mbili tatu za kumsubiria afike, na mtoto wa kambini akiwaonyesha wageni wa Lilongwe dume ni yupi na jike ni yupi. Wakichelewa kumwona Desemba, watamwona tena kuanzia Machi, akirejea kaskazini.