Kuganda Barafu na Kuganda Kioo

Wafasiri wa maandishi ya utabibu na ufugaji hulitumia neno kugandisha kwa kila namna ya kuhifadhi chembe hai, yaani seli, katika baridi kali. Kwa mbegu za fahali zinazotumiwa katika uhimilishaji neno hili halina kasoro: mbegu hupozwa, maji yaliyozizunguka hugeuka barafu, kisha huwekwa katika naitrojeni kiowevu, nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri. Lakini iko njia nyingine, itumikayo leo hasa kwa mayai ya wanawake na viinitete, ambayo shabaha yake yote ni kwamba barafu isitokee kamwe. Njia zote mbili zikiitwa kugandisha, bila neno la kuzitenga, msomaji aliyeko maabara hatajua afuate utaratibu upi. Na kuchanganya taratibu hizo ni kuziua seli.

Yafaa kwanza tuieleze dhana yenyewe. Maji yapoapo polepole, molekuli zake hupata nafasi ya kujipanga safu kwa safu zikawa fuwele. Hiyo ndiyo barafu. Barafu ikianza nje ya seli, chumvi iliyomo katika maji yaliyosalia huzidi kukolea, nayo seli hunyonywa maji yake ikasinyaa. Ikipozwa kwa haraka kidogo zaidi, maji hayawahi kutoka, na barafu hufanyika ndani ya seli. Hapo ni nadra seli kupona. Mwaka 1949 Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes wa Uingereza walionyesha kwamba gliseroli huweza kuziokoa mbegu za jogoo zinapogandishwa, na wafugaji wa ng'ombe wakanufaika mno. Hata hivyo gliseroli hupunguza madhara ya barafu. Haikomeshi barafu yenyewe.

Padri Basile Luyet alikuwa ameandika mwaka 1937 juu ya njia tofauti: kupoza kwa kasi kubwa hata molekuli zikamatwe kabla hazijajipanga. Maji ya namna hiyo huwa magumu, lakini hayana fuwele, ni kioo. Anayetaka mfano wa nyumbani na aitazame peremende. Sukari iliyochemshwa ikapozwa upesi huwa ngumu na angavu, wala haina chenga. Asali iliyokaa hata ikafanya chenga ni mfano wa upande wa pili.

Maji matupu hudai kasi isiyopatikana kwa urahisi. Ndiyo sababu W. F. Rall na G. M. Fahy, walipofaulu mwaka 1985 kuvihifadhi viinitete vya panya bila barafu, walitumia myeyusho uliokolezwa sana dawa za kuzuia barafu. Dawa hizo zikikolea ni sumu kwa seli, na tangu hapo jitihada imekuwa kuongeza kasi ili dawa ipunguzwe. Siri kubwa ni udogo wa tone. Tone kubwa likitumbukizwa katika naitrojeni hufunikwa na gesi inayochemka, na gesi hiyo huwa kama blanketi. Mwaka 2005 Masashige Kuwayama wa Japani alieleza namna ya kuliweka yai juu ya ukanda mwembamba wa plastiki, katika kiowevu kisichofika mikrolita 0.1, kasi ya kupoa ikawa nyuzi 23,000 hivi kwa dakika.

Sasa tuje kwenye istilahi. Wako wapendao kutohoa, wakasema vitrifikesheni. Neno hilo halimwambii kitu mwalimu wala mwanafunzi. Wengine husema kugandisha upesi. Hili twaliona baya zaidi, kwani kitu chaweza kupozwa upesi na bado kikafanya barafu. Kwa maoni yetu kitenzi ganda hakina hatia. Katika Kiswahili damu huganda, samli huganda, maziwa huganda, wala barafu haimo. Kilichokosekana ni jina la kueleza kitu kimeganda kuwa nini, na lugha yetu inayo desturi ya kulifuatisha jina moja kwa moja baada ya kitenzi, kama tusemavyo kufa maji au kugeuka jiwe. Basi twapendekeza kuganda barafu na kuganda kioo; kwa jina la tendo, ugandishaji barafu na ugandishaji kioo. Atakayelalamika kwamba kioo ni cha kujitazamia na akumbuke kioo cha dirisha.

Limesalia neno kuyeyusha. Barafu huyeyuka, kioo hulegea kwanza, na katika kulegea huko molekuli hupata tena nafasi ya kujipanga, barafu ikazaliwa njiani. Mwaka 2009 Shinsuke Seki na Peter Mazur walionyesha kwa mayai ya panya kwamba kasi ya kupasha joto ina uzito kuliko kasi ya kupoza. Kwa hiyo, katika ugandishaji kioo, tuandike kupasha joto, tena tutaje kasi yake papo hapo. Kijitabu kikisema tu kwamba yai liyeyushwe, msomaji atafikiria nyama iliyotolewa katika jokofu ikaachwa mezani.