Vita Visivyobisha Hodi

Vita ninavyovikusudia katika sura hii havina tarumbeta wala waraka wa kuvitangaza: adui hukaa ng'ambo ya mto, hukana kwa kiapo kwamba ana hasama nawe, kisha usiku hupenyeza uzushi, fedha na baruti, akitaraji nyumba ianguke bila yeye kuonekana akiisukuma.

Kilwa Kisiwani iliyajua hayo zamani. Vasco da Gama alipoitoza kodi ya dhahabu mwaka 1502, Amiri Ibrahimu alikuwa akitawala huku wengi wakimhesabu kuwa mnyang'anyi wa kiti. Basi Francisco de Almeida alipotia nanga Julai 1505 hakuwa na haja ya kubuni fitina, aliikuta imeiva, akamvika taji mwenyeji mmoja, Muhammad Ankoni, akajenga ngome, na Wareno wasiondoke hadi 1512. Mizinga ilifanya kazi yake, sikatai. Lakini haikuwa mizinga iliyompata Ankoni, ilikuwa fitina hiyo.

Karne nne na nusu baadaye Wareno walikuwa wangali kusini ya mto Ruvuma, huko Msumbiji. Tanzania ilipowapa hifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji, vijiji vya mpakani vilionja mabomu, na tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa chama chao cha FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa kifurushi cha kitabu kilichofichwa bomu ndani yake. Jawabu moja lilikuwa Nachingwea, bara ya Lindi, mji uliokuwa ukisifika kwa hasara ya mashamba ya karanga ya Waingereza: huko wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa, hata kila dhara lililovuka mto likawa na gharama yake upande wa pili, ingawa Tanzania haikutangaza vita.

Jawabu la pili, nalo ndilo linalonishughulisha zaidi, ni Mwongozo wa Februari 1971 wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, ulioandikwa baada ya Conakry, mji mkuu wa Guinea, kuvamiwa na Rais Obote wa Uganda kupinduliwa. Waraka uleule uliotaka raia wafunzwe silaha ulikataza viongozi kuwa na jeuri na majivuno. Nchi ya chama kimoja haikuwa demokrasia timilifu, lakini waandishi wa Mwongozo walifahamu kwamba mgambo anayedhulumiwa na mkubwa wake hatampasha habari za mgeni aliyeonekana ufukoni. Wafanyakazi walilishika katazo hilo la jeuri, wakagoma viwandani. Serikali haikufurahi, na baadhi yao walifukuzwa kazi. Hata hivyo manung'uniko yao yalisemwa mchana, mbele ya meneja, hayakupelekwa kwa siri ng'ambo ya Ruvuma.