Betri Mpya ya Pikipiki: Tindikali Mara Moja, Baadaye Maji

Mwendesha bodaboda wa Chita anayekwenda Ifakara kununua betri mara nyingi huifunga siku hiyo hiyo na kuanza kubeba abiria. Miezi michache baadaye betri haiwashi injini, naye huamini ameuziwa bidhaa bandia. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia betri nzuri iliharibiwa siku ya kwanza, kwa sababu ya jina moja: "maji ya betri".

Jina hilo hutumika kwa vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni tindikali ya salfa, ambayo hutiwa mara moja tu, betri ikiwa mpya na kavu. Cha pili ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji yasiyo na chumvi, ambayo huongezwa kila kina kinapopungua. Katika matumizi ya kawaida kinachopungua ni maji, si tindikali. Anayeongeza tindikali huifanya kali kupita kiasi, na bamba za risasi zilizomo ndani huliwa. Anayetia maji ya kisima huingiza chumvi zinazoziharibu vilevile. Na anayeishika tindikali kana kwamba ni maji tu anahatarisha macho yake.

Wakati wa kununua
Mnunuzi ahakikishe kwamba volti na uwezo wa betri vinalingana na maelekezo ya pikipiki yake, atafute alama ya ubora ya TBS, na adai risiti. Tunamshauri aisafirishe betri ikiwa kavu, na tindikali ibaki katika chombo chake kilichofungwa na kusimamishwa wima, kwa maana mitikisiko ya barabara huimwaga.

Kutia tindikali
Kazi hii ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto, sigara na watoto. Mtu avae miwani ya kinga na glavu za mpira, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Afungue vifuniko vyote sita, aondoe kizibo cha mrija wa hewa, kisha amimine polepole mpaka mstari wa juu. Betri iachwe nusu saa. Kina kikishuka, aongeze tindikali ile ile mpaka mstarini. Hapo tindikali imekwisha kazi yake. Betri ya aina isiyofunguliwa huja na tindikali iliyopimwa. Hiyo itiwe yote kama kiwanda kilivyoeleza, na kifuniko kikishagandamizwa kisibanduliwe tena.

Kuchaji
Betri iliyotiwa tindikali bado haijawa tayari. Ichajiwe kwa mkondo usiozidi sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: betri ya ampea-saa 7 huhitaji ampea 0.7, kwa muda ulioelekezwa na kiwanda, ambao mara nyingi ni saa 3 hadi 5. Tunatahadharisha hasa juu ya chaja iliyopangwa kwa betri za magari, kwa kuwa huichemsha betri ndogo na kuifupishia maisha. Vifuniko vya betri inayofunguliwa vilegezwe wakati wa kuchaji, na chaja izimwe kabla ya kuondoa vibanio, kwani hewa ya haidrojeni inayotoka hulipuka kwa cheche moja.

Kufunga
Swichi ya pikipiki izimwe. Katika kutoa betri ya zamani, waya wa hasi utangulie kufunguliwa. Katika kufunga mpya, waya wa chanya utangulie na wa hasi uwe wa mwisho. Sababu ni kwamba hasi imeunganishwa na fremu: spana inayofungua chanya ikigusa fremu wakati hasi ingali imefungwa, cheche hutokea. Mrija wa hewa uelekezwe chini, mbali na mnyororo, wala usikunjwe.

Ajali ikitokea
Tindikali ikiingia jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha majeruhi apelekwe kituo cha afya. Asilifikiche jicho. Nguo zilizolowa zivuliwe mara moja.

Betri ya zamani
Isipasuliwe wala kumwagwa mtaroni. Risasi ni sumu, na bonde la Kilombero, ardhioevu iliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, ndilo linalolisha mashamba yetu ya mpunga. Betri irudishwe kwa muuzaji au apewe mnunuzi wa betri chakavu anayetambulika.

Mnunuzi aliyefuata hatua hizi, na betri ikafa mapema, ana hoja yenye nguvu. Arudi dukani na risiti yake. Akikataliwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 2003.