Tundu Hutangulia Ushanga

Huko Odumase Krobo, kusini-mashariki mwa Ghana, mtengenezaji wa shanga huanza na tundu. Huchukua kikonyo cha jani la muhogo, akakikata vipande vifupi, kisha akasimamisha kimoja katikati ya kila kishimo cha kalibu ya udongo. Kishimo hujazwa unga wa kioo. Kalibu ikiingia tanurini, kikonyo huungua, unga hushikana, na pale kilipokuwa hubaki njia ya uzi.

Kioo chenyewe ni takataka: chupa za bia, chupa za dawa, vioo vya madirisha yaliyovunjika. Hutwangwa kwa kinu na mchi wa chuma, kisha hupitishwa kwenye chekecheke hadi ulaini wake ukaribie wa unga wa sembe. Kalibu hupakwa kwanza udongo mweupe, kaolini, ili kioo kisigande. Tanuri nayo hujengwa kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto. Joto hufika kati ya nyuzi 650 na 850 za Selsiasi, na baada ya nusu saa hivi shanga huwa tayari kutolewa.

Kwa joto hilo kioo cha chupa, ambacho ni mchanga, magadi na chokaa, hakigeuki maji. Ili kimiminike hutaka zaidi ya nyuzi 1,000. Tanurini hulainika tu, kama asali iliyoganda ikipata jua, na hilo linatosha. Mpishi yeyote amewahi kuona sababu yake: matone mawili ya mafuta juu ya mchuzi yakigusana, huwa tone moja, kwa kuwa tone moja kubwa lina uso mdogo kuliko mawili madogo. Maumbile hubana matumizi ya uso. Unga una uso mwingi mno kwa ujazo wake, basi ukipewa joto la kuuwezesha kusogea, chembe hushikana zilipogusana, shingo kati yake hunenepa, na nafasi za hewa hupungua. Mtwangaji anapotoa jasho kinuni anaongeza uso huo, hivyo kazi ya tanuri inakuwa rahisi.

Rangi zina masharti yao. Kahawia ya chupa ya bia hutokana na chuma pamoja na salfa. Buluu nzito ni kobalti. Lakini vioo viwili visivyosinyaa kwa kiwango kimoja vikichanganywa, ushanga huweza kupasuka unapopoa, hata kama tanurini ulionekana mzima.

Kanuni ya matone ya mafuta ndiyo iliyozaa udongo wa fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa kampuni ya Mitsubishi Materials ya Japani walichukua unga laini sana wa fedha, wakaukanda kwa maji na gundi ya asili ya mimea. Donge linalopatikana hufinyangwa kwa vidole, hukatwa kwa kisu, hata hugandamizwa jani likaacha mishipa yake. Likikauka, huchomwa. Gundi huungua, chembe za fedha hukaribiana na kushikana, na kinachobaki ni fedha tupu. Fedha huyeyuka kwenye takriban nyuzi 962. Baadhi ya aina za udongo huu huiva kwenye nyuzi 600 na kitu. Sonara hahitaji kuyeyusha chochote.

Gharama ni kusinyaa. Udongo wa kwanza ulipungua karibu asilimia 30. Aina za baadaye hupungua asilimia 10 hadi 15. Pete iliyofinyangwa kwa kipenyo cha milimita 20, ikisinyaa asilimia 12, inatoka na milimita 17.6, na kidole cha mteja hakisinyai. Kitu kingine humshtua mwanafunzi: pete hutoka tanurini nyeupe kama chaki. Si uchafu. Uso wake umejaa vilima vidogo vinavyotawanya mwanga kila upande. Ukisuguliwa kwa brashi ya waya, vilima hulala na mng'ao hujitokeza.

Fedha ina heshima ya kuchomwa hadharani, maana katika joto hilo haishikani na oksijeni. Shaba haina. Udongo wa shaba hufukiwa ndani ya chembe za mkaa, mara nyingi wa vifuu vya nazi, ili mkaa uile oksijeni kabla haijaifikia shaba. Mtu wa pwani anayetupa vifuu alitazame hilo tena.

Udongo wa polima ni udongo kwa jina tu. Ni chembe za plastiki ya PVC, ile ya mabomba, zilizokandwa na mafuta ya kulainisha. Kwenye nyuzi 110 hadi 130 chembe hunyonya mafuta hayo, huvimba na kuungana, hakuna kinachokauka. Moto ukizidi sana, PVC huvunjika kikemia na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma koo. Mimi nisingeuchoma katika jiko linalookea mkate wa watoto.

Ufundi wa kuchoma kioo upya katika kalibu una mizizi mirefu barani. Katika K2, makazi ya kale karibu na Mapungubwe, kaskazini mwa Afrika Kusini, wanaakiolojia walifukua kalibu za udongo pamoja na shanga nene kama pipa, za kati ya mwaka 1000 na 1220 hivi. Kemia yake inalingana na ya shanga ndogo zilizovuka Bahari ya Hindi na kupanda kutoka pwani kwa biashara. Wenyeji walizipokea punje hizo za ng'ambo, wakaziunganisha motoni, wakapata shanga kubwa ambazo hakuna jahazi lililowahi kuzileta.