Huzuni ya Mtoto na Huzuni ya Mkubwa

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililowachukua wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha liliacha njia huko Rhotia, wilayani Karatu, katika barabara iendayo Ngorongoro, likatumbukia korongoni. Watoto hao walikuwa wakienda Karatu kufanya mtihani wa kujipima pamoja na wenzao. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu tu ndio waliosalimika, nao walipelekwa Marekani, katika mji wa Sioux City, kutibiwa, wakarejea nchini mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Siku ya Jumatatu iliyofuata ajali, uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha ulijaa waombolezaji.

Mfupa uliovunjika huonekana katika picha ya eksirei, na tabibu aweza kukadiria siku za kupona kwake. Lakini msiba huumiza na wengine ambao mwilini hawana hata mkwaruzo: ndugu aliyelala chumba kimoja na marehemu, rafiki aliyeketi naye dawati moja, mama, baba, na hata mpita njia aliyesaidia kuopoa maiti. Maumivu ya hawa hayana picha. Tena, ndugu msomaji, yafaa ijulikane kuwa huzuni ya mtoto haifanani na ya mkubwa. Anayengoja mtoto alie kama watu wazima walivyo, huenda asitambue kabisa kwamba mtoto yule anaumia.

Mtoto mdogo, wa chini ya miaka mitano au sita, hajafahamu kuwa aliyekufa harudi. Ataambiwa leo, na kesho atauliza tena, "Kaka atakuja lini?" Aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza upya, na hushika nguo ya mama asikubali kuachwa. Mtoto wa miaka saba mpaka kumi na miwili ameyajua mauti, ila mara nyingi hudhani kuwa yeye ndiye sababu, kwa kuwa siku ile aligombana na marehemu. Huyu hulalamika tumbo na kichwa, na masomo yake hushuka. Ama kijana, yeye hujitenga, huwa mwepesi wa hasira, na hujifanya hodari mbele za watu.

Tena mtoto hulia kitambo, kisha akatoka kwenda kucheza. Wakubwa husema, "Amekwisha sahau." Sivyo. Mtoto hawezi kuubeba mzigo huo mfululizo. Huutua, akapumzika, kisha akaurudia.

Katika nyumba zetu twasikia mtoto akiambiwa kuwa marehemu "amelala" au "amesafiri". Maneno haya hutolewa kwa huruma, lakini huzaa hofu: mtoto huanza kuogopa usingizi, na baba akishika mkoba wa safari, hulia. Mvulana naye huambiwa kuwa mwanamume halii. Tukumbuke habari ya Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik. Kijidege chake kilikufa akahuzunika, naye Mtume (s.a.w.) akamwuliza kwa upole habari za kijidege kile. Ikiwa huzuni ya mtoto juu ya ndege haikudharauliwa, itakuwaje huzuni yake juu ya ndugu?

Basi mtoto aambiwe kweli kwa maneno mepesi: amekufa, mwili wake hauoni tena njaa wala baridi. Aambiwe wazi kuwa si kosa lake. Akiuliza mara kumi, ajibiwe mara kumi. Saa za chakula, za kulala, za shule na za chuo zisibadilishwe, kwani utaratibu humwonyesha kuwa dunia yake haijaanguka yote. Mwalimu wake naye apewe habari.

Ama mkubwa, wengi hudhani machozi ni upungufu wa imani. Mtume alitokwa na machozi alipompakata mwanawe Ibrahim akikata roho, na Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, alielezwa kuwa hiyo ni rehema. Subira ni kuuzuia ulimi usimlaumu Mola. Macho hayakukatazwa kulia. Desturi yetu ya matanga ina hekima kubwa, maana mfiwa hukaa kati ya watu na hupikiwa chakula. Lakini haja kubwa huja baada ya mikeka kukunjwa. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hurudi shambani, na mchungaji wa Ngorongoro hufuata ng'ombe wake, ilhali moyo ungali msibani. Jirani mwema ni yule abishaye hodi mwezi wa tatu.

Yapo pia majonzi yaliyokwisha kuwa maradhi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, katika kitabu chake juu ya maslaha ya miili na nafsi, alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake. Siku hizi Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limetaja majonzi mazito yaliyodumu si chini ya miezi 6, yakapita kiasi cha desturi za watu wa mfiwa, kuwa ni ugonjwa. Mtu asiyekula, asiyelala, asiyeweza kazi, na mtoto aliyekataa shule, hawa wapelekwe hospitali. Na anayesema ataka kumfuata marehemu asingojewe miezi, wala siku moja. Asiachwe peke yake, apelekwe mara hiyo.

Hospitali iliyo karibu ndiyo mlango wa kwanza. Ikihitajika, daktari atampeleka mgonjwa Mount Meru mjini Arusha, au Mirembe huko Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Jina la Mirembe limefanywa tusi midomoni mwa watu, na kwa tusi hilo wangapi wameona haya kutafuta tiba! Dua na dawa hazigombani. Amwombeaye mgonjwa wake, na amshike mkono ampeleke kwa tabibu.